Nyiragongo: wengi hawakuuawa na lava

Muulize mtu wa Goma, mashariki mwa Kongo, volkano yetu ya Nyiragongo imelipuka lini, atakutajia 1977, 2002 na 2021. Muulize tena waliokufa waliuawa na nini, atajibu: lava, mawe yaliyoyeyuka yanayotiririka kutoka mlimani. Jibu hilo la pili ndilo linalotusumbua sisi tunaoufuatilia mlima huu, kwa sababu kati ya miaka hiyo mitatu ni kweli kabisa kwa mmoja tu.

Mwaka huo ni 1977. Tarehe 10 Januari, ziwa la lava lililokuwa limejaa katika shimo la kileleni lilipasua mbavu za mlima na kumwagika lote kwa muda usiozidi saa moja. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo mno, madini yanayoifanya lava inate, kwa hiyo hainati. Hutiririka kama mawese yaliyopata moto. Ikiteremka kwenye mteremko mkali wa mlima huo wa mita 3,470, ilifika kasi ya kilomita 60 kwa saa. Vijiji vilifunikwa na watu wake. Hata tembo hawakuponyoka, na maumbo ya miili yao yalibaki ndani ya jiwe. Siku ile hakuna aliyekosea. Hapakuwa na muda wa kukosea.

2002 ilikuwa habari nyingine. Tarehe 17 Januari ardhi ilipasuka upande wa kusini, nyufa zikashuka hadi karibu na Munigi, lava ikachimbuka mlangoni mwa mji, ikakata katikati yake na kuingia Ziwa Kivu. Ilifunika takriban asilimia 13 ya mji, pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na ikawaacha watu wapatao 120,000 bila nyumba. Lakini mitaani ilikwenda polepole. Watu waliitangulia kwa miguu, godoro kichwani, wakielekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Kisha wakarudi mapema, mawe yakiwa bado yanatoa moshi, na siku chache baadaye makumi kati yao wakafa kwa mpigo mmoja: walikuwa wakichota mafuta kwenye kituo kilichozungukwa na lava ya moto, kikalipuka.

Lava hiyohiyo ilimeza kipande cha njia ya ndege. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ilishindwa kuruka, ikapitiliza njia na kuingia kwenye nyumba na maduka ya Birere, mtaa wa Goma. Ajali ile ilikuwa na sababu zaidi ya moja, ila njia ilikuwa bado fupi. Wengine hawaihesabu kuwa ya volkano. Mimi huihesabu.

Tuje Jumamosi ya 22 Mei 2021, jioni. Lava iliteremka bila kutupa ishara ya kutosha na ikasimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Hesabu ya kwanza ya serikali ilikuwa watu 15, na ni vizuri kila mwenye pikipiki aisikie: tisa walikufa katika ajali ya barabarani wakikimbia, wanne wakijaribu kutoroka gereza la Munzenze, na wawili tu waliungua. Idadi baadaye ilifika 32. Baadhi ya walioongezeka walikosa hewa wakivuka lava iliyokata barabara ya Rutshuru. Juu ilikuwa imeshakuwa nyeusi na ngumu, inabeba mtu; chini yake gesi ilikuwa bado inatoka.

Matetemeko yakaendelea siku nyingi, na tarehe 27 Mei kartiye (mitaa) 10 kati ya 18 za mji zikaamriwa kuhama. Sake, Rutshuru, Bukavu kwa mashua, Rwanda: kila mmoja alishika njia yake, na watoto wengi wakapotezana na wazazi.

Lakini jambo lililonikosesha usingizi wiki ile halikuwa mlimani. Lava ilikuwa imeharibu tanki na mabomba ya maji, na karibu watu nusu milioni wakabaki bila maji safi. Mwenyeji wa Goma wa umri wangu anajua maana yake. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda wanaokaribia milioni moja waliingia hapa kwa siku chache, wakalala juu ya makoro, yaani mawe magumu ya lava ya zamani. Kwenye makoro huchimbi choo, huchimbi kaburi. Watu wakachota maji ya ziwa yalivyo, na kolera pamoja na magonjwa mengine ya kuhara yakaua takriban watu 50,000 kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Weka milipuko yote mitatu ya Nyiragongo pamoja, haikaribii hata kidogo.

Mazuku nayo haingoji mlipuko. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini; nzito kuliko hewa tunayovuta, hujikusanya kwenye mabonde ya magharibi ya mji kuelekea ziwani, hasa usiku na alfajiri ambapo hakuna upepo. Ukiona ndege au mbuzi amelala amekufa bondeni, usishuke kumchukua.

Kwa hiyo nyumbani kwenu, kabla ya kuulizana lava itapita wapi, kubalianeni mambo manne. Mahali pa kukutana mkipotezana. Nani anamshika mtoto yupi mkono. Namba ya simu kwenye kikaratasi ndani ya mfuko wa kila mtoto. Na bidoni la maji ya kunywa, limejaa, karibu na mlango.