Atonali si kushuka sauti

Huku Iringa, besi wakiteleza kidogo tu kwenye mashindano ya kwaya, hakosekani mjuzi wa kunong'ona: "Hawa sasa wameenda atonali." Jamani, wameshuka sauti, basi. Anayepotea njia lazima awe na njia aliyotakiwa kuifuata.

Atonali ni muziki usio na noti ya nyumbani. Kwa sisi tuliolelewa na solfa, do haipo. Mwalimu akipandisha ufunguo, do inahama tu. Kwenye atonali haipo kabisa. Na do ikikosekana, solfa yenyewe inakwama: re ni re kwa kuwa inahesabiwa kutoka do, na fe inaitwa fe kwa sababu fa ipo chini yake. Mtunzi Arnold Schoenberg wa Vienna alianza kuandika hivyo mnamo 1908 na 1909. Jina la atonali mwenyewe hakulipenda.

Hilo la besi navumilia. Nisilovumilia ni kudhani kwamba atonali na muziki wa mfululizo ni kitu kimoja. Vipande vitatu vya piano vya Schoenberg vya 1909 ni atonali, na hakuna mfululizo ndani yake. Mbinu ya noti 12 aliifikia mwanzoni mwa miaka ya 1920: unazipanga noti zote za kinanda, nyeupe saba na nyeusi tano, kila moja mara moja, halafu mpango huo, yaani mfululizo wenyewe, ndio unaozaa utunzi wote. Unautumia ulivyo, unausoma kutoka mwisho, unaupindua ili kilichopanda kishuke, au unaupindua na kuusoma kutoka mwisho. Ukizianzia sura hizo nne kwenye kila noti, unapata 48. Katika utunzi wake wa piano uitwao Opus 25 mpango unaishia B, C, A, B-flati. Zisome kinyume kwa majina ya Kijerumani, ambako B-flati huitwa B na B huitwa H, utakuta BACH, jina la yule mtunzi wa zamani. Mzee alikuwa na utani wake.

Kwa hiyo mfululizo ni utaratibu wa kutunga, na utaratibu huo haulazimishi do ifukuzwe. Mwanafunzi wake Alban Berg, katika konseto ya fidla (utunzi wa fidla na okestra) ya 1935, alipanga noti zake 12 hivi kwamba ndani yake mna kodi (noti zinazopigwa pamoja) za G mina, D meja, A mina na E meja, kodi ambazo mpiga kinanda yeyote wa Usharika anazijua. Mwishoni akaingiza wimbo wa ibada wa Kilutheri kwa mpangilio wa Bach. Konseto hiyo iite ya mfululizo, hujakosea. Kuiita atonali, sikiliza kwanza hadi mwisho.