Kabla hujauchua mguu unaouma

Kila Jumatatu kliniki yetu ya fiziotherapia hupokea watu wanaochechemea. Wengi wamecheza bonanza Jumamosi baada ya miezi ya kukaa ofisini, na sasa vigimbi na mapaja yamekaza hata kushuka ngazi ni kazi. Karibu wote wameshachuliwa nyumbani, tena kwa nguvu. "Nilimwambia akaze mkono mpaka niisikie dawa," huniambia. Dhana hiyo ndiyo inayowaumiza.

Maumivu yanayoanza siku moja baada ya mazoezi na kuzidi siku ya pili au ya tatu hayaletwi na asidi ya laktiki, ile inayotengenezwa na misuli ikifanya kazi kwa nguvu, ingawa wengi wetu tulifundishwa hivyo. Asidi hiyo hupungua ndani ya saa moja au mbili za mapumziko. Kinachouma ni nyuzi za msuli zilizochanika kidogo kidogo, hasa msuli ulipokaza huku ukivutwa, kama unapoteremka mlima au unaposimama ghafla uwanjani. Mwili huzitengeneza wenyewe kwa siku chache.

Kuchua hakuziungi nyuzi hizo. Kazi yake kubwa ni kutuliza maumivu: mguso wa mkono hufika kwenye uti wa mgongo na kuzipunguza nguvu taarifa za maumivu zinazopita hapo. Watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall waliieleza nadharia hiyo mwaka 1965, lakini kila mama anaijua: mtoto akijigonga, humsugua akanyamaza. Anamsugua taratibu, na inatosha.

Kwa kigimbi, mgonjwa alale kifudifudi, na taulo iliyokunjwa iwekwe chini ya kifundo cha mguu ili goti lipinde kidogo. Pasha mafuta ya nazi kati ya viganja. Anza kwa kiganja kizima, kutoka juu ya kisigino kuelekea gotini, polepole, mara kumi hivi. Kisha ishike nyama ya kigimbi kati ya kidole gumba na vidole vingine, uikande kama unga wa chapati uliokwisha kulainika. Nyuma ya goti usibonyeze kabisa, kwani mishipa ya damu na ya fahamu inapita hapo karibu na ngozi. Tazama pia vidole vya mguu: vikijikunja, au mgonjwa akizuia pumzi, umezidisha. Dakika kumi zinatosha.

Mafuta ya karafuu yakiwa matupu huunguza ngozi; yachanganye na ya nazi. Ukipaka dawa ya kuchua yenye mentholi, usiweke juu yake chupa ya maji ya moto.

Lakini kuna miguu isiyochuliwa, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma kwenye kigimbi bila kuumia popote, huenda damu imeganda ndani ya vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni. Mzazi aliyejifungua karibuni, mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji au aliyekaa kwenye basi kutwa nzima yuko kwenye hatari zaidi. Bonge hilo likisukumwa na mkono wa mkandaji laweza kung'oka na kuziba mishipa ya damu ya mapafu. Hapo ni hospitali, siku hiyohiyo.

Lingine ni jipu la ndani ya msuli, ugonjwa unaojulikana sana katika nchi za joto kama zetu. Mwanzoni hakuna usaha unaoonekana. Paja linauma, linakuwa gumu kama ubao, na homa inapanda. Ndugu hudhani ni misuli imekaza, wakakanda kwa maji ya moto siku baada ya siku, wakati mgonjwa anahitaji antibiotiki na mara nyingi kupasuliwa usaha utolewe. Maumivu ya msuli yenye homa kali hayakandwi.

Paja lililopigwa teke na kuvilia damu pia liache. Siku za mwanzo tumia kitambaa chenye barafu. Ukilikanda kwa nguvu, damu huzidi kuvuja, na wakati mwingine mfupa huota ndani ya msuli wenyewe.

Na baada ya mazoezi makali mno, ukiona mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi, misuli imeharibika kiasi cha kutishia figo. Acha mafuta, nenda hospitali mara moja.