Pimbi si Panya, Tafadhali

Nawafundisha waongoza watalii, na kila darasa halikosi mtu wa kuniambia: "Mwalimu, hilo la pimbi kuwa jamaa wa tembo ni la kuwachangamsha wageni tu. Yule ni panya wa mawe." Nimechoka.

Dhana: Pimbi ni panya mkubwa.

Hayumo kabisa katika nasaba ya panya. Pimbi, tembo na nguva ni kundi moja, na DNA imewaweka pamoja na muhanga na sengi (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) katika ukoo wa Afrotheria, uliopewa jina hilo mwaka 1998. Watu huishia kwenye umbo. Lakini mwili mdogo, manyoya na miguu minne ni urithi wa mamalia wa kale. Wanao wengi, hivyo haviamui nani yuko karibu na nani. Kinachoamua ni sifa mpya aliyoipata babu wa kundi, akawarithisha wazao wake.

Basi mtazame kinywani (fuvu la makumbusho, si pimbi hai, anauma!). Juu ana meno mawili ya mbele yaliyochongoka. Pembe za tembo nazo ni meno ya mbele ya juu. Msinitajie kwamba hayakomi kukua, maana ya panya pia hayakomi, hilo halisaidii. Chini pimbi ana manne ya mbele, panya mawili. Vidole vyake vingi vina kucha bapa mfano wa kwato. Korodani za dume hubaki tumboni maisha yote, kama za tembo. Mimba je? Pimbi hubeba kama miezi 7, panya wa nyumbani wiki 3 hivi. Panya gani huyo?

Nao wanaonielewa hupitiliza, wakawaambia wageni kwamba pimbi *ametokana* na tembo. Hapana! Walikuwa na babu mmoja zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita, kisha kila nasaba ikashika njia yake. Kosa hilohilo ndilo la "binadamu katoka kwa sokwe". Binamu yako hakukuzaa.

Mengine, kwa haraka. Fisi si mbwa. Yuko upande wa paka na nguchiro. Kiboko hamfuati nguruwe: jamaa yake wa karibu zaidi aliye hai ni nyangumi. Mamba yuko karibu na kuku kuliko mjusi. Uyoga si mmea, na kinasaba uko karibu zaidi nasi kuliko na mchicha.

Dhana: Wanasayansi hubadili majina ovyo.

Si ovyo, ni ushahidi mpya. Kipunji, kima wa Mlima Rungwe nchini Tanzania, alitangazwa mwaka 2005 katika jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya *Lophocebus*. Mwaka uliofuata DNA ikaonyesha yuko karibu zaidi na nyani, akapewa jenasi yake, *Rungwecebus*. Kama kitabu chako bado kinaandika *Lophocebus kipunji*, tafuta kingine kabla hujapanda gari na wageni.