Wafumaji wa Kigoma, chandarua kizima hakikatwi, hata kwa sanaa ya malaria

Ndugu zangu wa vikundi vya ufumaji, Ujiji, Kibirizi, Mwanga na Katubuka, ofisini kwetu mazingira tumeshaanza kupokea kazi zenu za kuelekea Siku ya Mazingira Juni 5, zile za joto, mafuriko na magonjwa. Nyingi ni nzuri kwakweli, ila malalamiko nayo yamekuja mengi, hasa kuhusu malighafi, ndo maana naandika hapa kabla sijaanza kuzunguka na vitabu vya faini.

Kuna mkeka wa ukili mama mmoja ameleta, kila mstari ni mwezi, akaupaka mwekundu mwezi ambao nyumbani kwake mtu ameugua malaria. Ukiukunjua unaona nyekundu zimerundikana kipindi cha mvua, huhitaji kusoma ripoti. Shida ni pindo. Amelizungushia chandarua cha bluu na ile lebo ya kiwandani bado imeshonewa pembeni, yaani chandarua kipya kabisa! Mama yangu, umeonyesha malaria vizuri halafu umeiachia mlango.

Kigoma tunaongea malaria kwa sababu, utafiti wa kitaifa wa 2017 ulitukuta na asilimia 24 ya watoto chini ya miaka mitano wana vimelea, mkoa wa kwanza nchi nzima. Na joto linahusika, kimelea kile kikali kikiwa ndani ya mbu hakikomai kukiwa na baridi chini ya nyuzi 16 mpaka 18, kwahiyo maeneo ya milimani kama Buhigwe yakizidi kupata joto, ile kinga ya baridi inapungua. Hili fumeni, ni la kwenu.

Na mifano ipo. Mwaka 2017 Ellie Highwood wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, alifuma blanketi kwa kroshia akitumia rangi kuonyesha joto la dunia mwaka hadi mwaka, 2018 mwenzake Ed Hawkins akatoa ile michoro ya mistari ya bluu na nyekundu iliyosambaa dunia nzima. Uzi tu. Nyie mna ukili, mkonge na ziwa ambalo maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, virutubisho vinavyokuza chakula cha dagaa havipandi, dagaa wanapungua, na mtoto anakosa protini. Mbona hakuna aliyefuma hilo? Wengi mmekimbilia mafuriko.

Sasa taratibu. Chandarua chenye dawa kimetengenezwa kuhimili kufuliwa kama mara 20 na kukaa miaka mitatu hivi, kikitoboka kinashonwa. Kikichakaa kabisa pita kwanza kituo cha afya au kwetu tukiangalie ndo ukikate, na mabaki usitupe ziwani wala mtoni maana dawa yake inaua samaki, usiyachome uani pia, yafukie mbali na kisima. Na msiniambie "mbona wengine wanavulia", kuvulia chandarua ni kosa, wale nao wanatafutwa.

Mifuko ya rambo ndo imenichosha. Watu wanasema ukiikata nyuzi ukafuma kikapu inakuwa si mfuko tena. Hapana! Kanuni za 2019, zilizoanza kutumika Juni mosi mwaka huo, zinasema hivi: kukutwa nao au kuutumia ni faini kuanzia 30,000 mpaka 200,000 au jela isiyozidi siku saba, kuuza ni 100,000 mpaka 500,000 au miezi isiyozidi mitatu, kuhifadhi na kusambaza ni milioni 5 mpaka 50, na ukiingiza nchini, hata kwa boti kutoka ng'ambo ya ziwa, inaanzia milioni 20 mpaka bilioni moja. Mzigo wa rambo mpya uliojificha kwenye kapu la sanaa bado ni mzigo wa rambo. Uliyeokota marambo machafu ufukweni njoo tuyaandikishe kwanza. Sandarusi za sementi tumieni, ila zilizobeba viuatilifu hapana, hata ukizifua.

Rangi ya unga wa betri za tochi acheni. Ile nyeusi ina madini ya manganizi, vumbi lake ukilivuta muda mrefu linagusa mishipa ya fahamu, na wanaolitwanga mara nyingi ni watoto. Rangi za mikeka za dukani chemshieni nje penye hewa, na maji yake msimwage ziwani. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ufukweni zinazoweza kuharibu mazingira, sufuria za rangi zimo. Ziwa limepanda, najua, basi na wewe sogea juu.

Kibali cha maonyesho anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, yeye atawaelekeza mambo ya BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, sio mimi, naomba hilo lisirudi mezani kwangu. Kwetu leteni kipande cha malighafi yenyewe kwenye bahasha, kimeandikwa jina la kikundi na kimetoka wapi. Picha ya simu hatupokei.