"Kupandisha kinga" hakutibu saratani

Imani kwamba saratani hupona mtu akipandisha kinga kwa mlonge, tangawizi au vidonge vya vitamini ni ya siku nyingi. Kwa kawaida tatizo si uchache wa seli za kinga. Makrofaji, zinazomeza wavamizi, mara nyingi zimejaa ndani ya uvimbe wenyewe; ila seli za saratani hubeba protini ya CD47 inayoziambia "usinile".

Dawa za kuifunika CD47 zimejaribiwa. Balaa ni kwamba chembe nyekundu nazo huibeba, hivyo mgonjwa hupungukiwa damu. Majaribio ya mojawapo, magrolimab, kwa saratani za damu yalisimamishwa 2024.

Tiba mojawapo ya kuamsha kinga inayotumika kweli ni BCG, bakteria yule yule wa chanjo ya kifua kikuu, kwa saratani ya kibofu isiyofika kwenye msuli. Uvimbe ukishakwanguliwa, husubiriwa angalau wiki 2. Kisha dawa hupitishwa kwa mpira wa mkojo mara 1 kwa wiki, wiki 6, na hukaa kibofuni hadi saa 2. Mpira ukichubua njia na damu ikatoka, dozi huahirishwa: bakteria hao wako hai, na wakiingia kwenye damu huweza kusambaa mwilini.