Acheni kuusingizia umaskini

Juzi tena, kwenye semina hapa Iringa, mtoa mada kasimama akatangaza kwamba mama wa ugaidi ni umaskini. Ukumbi ukapiga makofi, tukaenda chai. Mimi nafundisha masuala ya migogoro na usalama, na kauli hiyo imenichosha.

Kama umaskini ungekuwa unazaa magaidi, wilaya ya Makete, huku nyanda za juu kusini, miaka ya 1990 ingekuwa kambi ya mafunzo. UKIMWI ulifyeka wazazi, mabibi wakabaki na wajukuu kwenye baridi ile, na hakuna aliyetega bomu. Osama bin Laden, kiongozi wa Al-Qaeda, alitoka familia ya matajiri wa ujenzi. Naibu wake, Ayman al-Zawahiri, alikuwa daktari. Mohamed Atta, aliyeongoza ndege ya kwanza kwenye maghorofa ya New York mwaka 2001, alisomea mipango miji Hamburg. Halafu mnamkodolea macho dereva bodaboda wa Ipogolo!

"Basi ni dini," mwingine atadakia. Nayo haitoshi. Waumini ni mamilioni, wanaolipua ni wachache mno. Tuendelee.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba jibu la umaskini linawasafisha wenye bunduki halali, yaani polisi na wanajeshi wa serikali. Mwaka 2017 UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walitoa ripoti baada ya kuwahoji watu waliopitia makundi kama Boko Haram la Nigeria na Al-Shabaab la Somalia. Waliojiunga kwa hiari waliulizwa ni tukio gani liliwasukuma hatua ya mwisho. Asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama vile ndugu au rafiki kukamatwa au kuuawa. Hebu rudia kuisoma hiyo. Mohammed Yusuf, kiongozi wa Boko Haram, alikamatwa Maiduguri Julai 2009 akiwa hai, akauawa akiwa mikononi mwa polisi. Kuna waliodhani kesi imekwisha. Septemba 2010 wafuasi wake walivunja gereza la Bauchi, na kilichofuata Nigeria inakijua.

Nisije nikadanganya kwa kuficha nusu: ripoti hiyohiyo inaonyesha kwamba hitaji lililotajwa zaidi na waliojiunga lilikuwa ajira. Sikatai. Misonobari ya msitu wa Sao Hill kule Mufindi hukauka kila Oktoba, lakini haijiwashi yenyewe. Semina zetu zinajadili ukavu tu, kwa sababu kumtaja mwenye kiberiti kunaharibu posho.

Na anayelipa gharama mara nyingi si yule aliyelengwa. Agosti 7, 1998, gari la bomu lilipofika kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, lori la maji lilikuwa limeziba pale getini, likapokea sehemu kubwa ya mlipuko. Walikufa watu 11. Mmarekani hakuwemo hata mmoja.

Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ndiko nadharia yangu ya kwamba serikali ndiyo hushika kiberiti inakochechemea. Huko umaskini upo wa kutosha, na Oktoba 5, 2017 wapiganaji walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Ila kuna pia rubi ya Montepuez, ambako wachimbaji wadogo walifukuzwa kwa mabavu, na gesi ya Palma. Mimi naegemea hasira ya kuona mali inapita mlangoni kwako ikienda kwa wengine. Lakini kwa nini kaka aende msituni na mdogo wake abaki na nyavu zake? Hapo sina jibu, na vitabu vinavyojifanya vinalo sivisomeshi.

Madhara ya vita hiyo ya Cabo Delgado tuliyaona hata huku Tanzania. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, Mtwara, kilivamiwa. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma, na mwezi uliofuata kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies wakasimamisha mradi wa gesi wa dola bilioni 20. Rwanda ikapeleka jeshi, Mocímboa ikakombolewa Agosti 2021. Mei 2024 wapiganaji wakaingia mji wa Macomia, hukohuko Cabo Delgado. Wenzangu wa upande wa kijeshi wanasema askari walikuwa wachache. Mimi nawauliza wale vijana waliofukuzwa kwenye mashimo ya rubi walielekea wapi, na kila tukikutana tunaanza upya kubishana.