Lugha ya programu inayovuma na lugha yenye kazi Kampala ni vitu viwili

Kila chati mpya ya lugha za programu ikitoka, vijana wa IT wanaanza kubishana, huyu Python, yule Rust, mwingine anasema Java izikeni. Ubishi ni mtamu sana ila mwingi umesimama juu ya uongo, na uongo huo unawapotezea watu muda wa kusoma vitu vyenye ajira hapa kwetu.

Dhana: Lugha ya namba 1 ndo yenye kazi nyingi

Hapana. Ile TIOBE, chati ya umaarufu wa lugha mnayoiposti kila mwezi, iliyoanza 2001, inahesabu kurasa zinazotokea ukisechi jina la lugha. PYPL, chati nyingine, yenyewe inaangalia watu wangapi wanatafuta mafunzo ya lugha fulani kwa Google, yaani wanaoanza kujifunza, hata kazi hawajapata. GitHub, tovuti ambako watu wanahifadhi kodi zao, nayo inaona tu kile kilichowekwa kwake. Sasa niambie, programu ya benki inayopiga hesabu za riba yako usiku umelala, imehesabiwa na nani hapo?

Python ilifika namba 1 ya TIOBE kwa mara ya kwanza Oktoba 2021, wakati lugha yenyewe Guido van Rossum aliitoa 1991, miaka 30 nzima! Kilichoipandisha si eti mabenki yaliamka siku moja yakatupa mifumo yao, ni watu wa data na AI, TensorFlow, zana ya kutengenezea AI, ilitoka 2015 na ikavuta umati, halafu na vyuo vikaanza kuifundishia fasti yia. Na hesabu nzito zenyewe zinafanywa chini na C, C++ na hata Fortran ya 1957, Python ni kama katibu kata anayesaini barua tu.

Dhana: Java ni ya wazee, imekufa

Hapa ndo tunajidanganya kabisa. Nenda kituo cha afya cha serikali, hata kile cha kijijini Arua au Busia, uliza ile ripoti ya mwezi ya HMIS 105 inaishia wapi. Inaishia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo huko Norwe, na seva yake ni Java. Mafaili ya wagonjwa wanaotumia dawa za VVU yako kwenye UgandaEMR, ambayo imejengwa juu ya OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, tena Java. Kwa hiyo developa anayejua Java na anaielewa ile fomu, anajua kwa nini nesi anajaza safu hii na kuruka ile, ana mlango ambao mtaalamu wa Rust haujui hata uko upande gani. Python nayo ipo kwenye kazi hizo, sikatai, U-Report ya UNICEF, ya vijana kutoa maoni yao, ilianzia hapa hapa Uganda 2011 kwa SMS na ilijengwa kwa Python.

Dhana: COBOL iko makumbusho

Lugha hii ni ya 1959, kweli. Lakini Aprili 2020 korona imechacha, watu waliopoteza kazi wakafurika kwenye mfumo wa msaada wa jimbo la New Jersey kule Marekani, na gavana Phil Murphy akasimama hadharani kuomba watu wanaojua COBOL wajitokeze. Ya makumbusho haiombewi watu namna hiyo.

Dhana: PHP ni aibu

WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, imeandikwa kwa PHP, na WordPress inaendesha zaidi ya tovuti 4 kati ya kila 10 duniani. Shule, kanisa, hoteli ya Jinja, wote wanataka tovuti. Endeleeni kuona aibu.

Dhana: Programa anafanya kazi kampuni ya software tu

Kijana anazungusha CV mitaa ya Ntinda hapa Kampala mpaka viatu vinaisha, wakati benki, telekomu, hospitali, SACCO, NGO na ofisi za serikali zote zina watu wa programu, sema cheo kimeandikwa IT ofisa au data ofisa na kazi ni SQL, lugha ya kuchota data kwenye database, asubuhi mpaka jioni, na SQL hiyo hakuna anayeibishania. Angalia pia pesa za simu, MTN ilizianzisha hapa 2009 na mpaka leo mtu anatuma kwa katochi, simu ndogo ya vitufe, akitumia menyu ya USSD, simu haina habari seva imeandikwa kwa lugha gani na muuza nyanya wa soko la Owino ndo kabisa hajali.

Dhana: Soma inayotrendi, mzungu atakuajiri ukiwa Kampala

Wapo waliofanikiwa, lakini kilichowapitisha mara nyingi ni uzoefu. Septemba 2019 Andela, kampuni ya kuwafundisha na kuwakodisha madevelopa kwa kampuni za nje, iliyokuwa na kampasi Kampala, ilipunguza madevelopa wachanga Uganda na Nigeria, ikasema wazi soko linataka waliokomaa, na vijana wale JavaScript na Python walikuwa wanazijua, zile zile za juu ya chati. 2020 kampuni ikahamia kazi za mtandaoni moja kwa moja. Na hata ukiipata hiyo kazi, jua bosi wa San Francisco akianza siku yake saa 3 asubuhi, kwako ni saa 1 au saa 2 usiku, umeme umekatika, na yeye ndo kwanza anasema washeni kamera.